Sahani ya jirani, kapu la mheshimiwa

*Krismasi ikikaribia, Isiolo hujaa zawadi za chakula: mguu wa mbuzi, chapati, unga, sukari, mafuta. Kinachobishaniwa ni mkono unaozileta.*

Mbuzi amefungwa kwenye mwarobaini nyuma ya nyumba. Karai lipo, kisu kimenolewa, watoto wameshaambiwa mara tatu wasogee. Ni mkesha wa Krismasi mtaani Bulapesa, mjini Isiolo, na wenye nyumba ni Wakristo. Kinachokosekana ni mchinjaji. Mtoto mkubwa anatumwa nyumba ya tatu: "Mwambie Mzee, Baba anamwomba aje atuchinjie."

Mzee huyo ni Mwislamu. Anakuja na kisu chake, anamgeuza mbuzi kuelekea kibla, anataja jina la Mwenyezi Mungu, na shughuli inakwisha kabla chai haijapoa. Hadai kitu. Ila hafiki mbali kabla mtoto yule yule hajamfuata na fungu la nyama kwenye beseni. Ni nyama mbichi. Mkewe ataipika katika sufuria yake, kwa mkono wake, na moyo wake utatulia.

Si kila nyumba ya Kikristo mjini hapa hufanya hivi, lakini ni jambo la kawaida kiasi kwamba aliyekulia Isiolo hukushangaa ukimwuliza sababu. Mbuzi aliyechinjwa na mkono mwingine ataliwa na nyumba moja. Aliyechinjwa na Mzee ataliwa na mtaa.

Wiki hiyo hiyo, zawadi nyingine ya chakula huwasili kwa namna yake. Pikapu inaegeshwa uwanjani, makatoni yanashushwa. Ndani mna pakiti mbili za unga, kilo ya sukari, chupa ya mafuta ya kupikia, majani chai. Juu ya katoni imebandikwa karatasi yenye sura ya mtu anayetabasamu. Akina mama wanapangwa mstari, wazee wanaletwa mbele, na hakuna anayeondoka na katoni yake kabla mpiga picha hajamaliza.

Zote mbili ni zawadi, na zote mbili huishia tumboni. Lakini keti kibarazani na watu wa mji huu tarehe 27 Desemba, waulize walipata nini sikukuu. Watakusimulia ya beseni kwa tabasamu. Ya pikapu utaisikia kama habari za hali ya hewa.

Mji penye kizuizi

Isiolo iko takriban kilomita 285 kaskazini mwa Nairobi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti nzima, wakiwa wametapakaa kutoka Oldonyiro hadi Garbatulla, Merti na Sericho. Makao makuu yenyewe ni mji mdogo wenye makabila mengi: Waborana, Waturkana, Wasomali, Wameru, Wasamburu, Wasakuye, na watu wa bara walioletwa na kazi.

Kwa miongo mingi lami ilikomea hapa, na kizuizi cha polisi kilikuwa mpaka wa nchi mbili katika fikra za watu. Msafiri wa kutoka Marsabit aliyevuka kuelekea Nanyuki alisema anakwenda Kenya. Barabara ya kwenda Moyale, kiasi cha kilomita 500, ilikamilika kwa lami katikati ya miaka ya 2010, ila kauli hiyo haijafa. Utaisikia bado stendi ya mabasi, nusu kwa utani.

Majina ya mitaa yenyewe ni kitabu cha historia. LMD limebaki kutoka kwa idara ya zamani ya serikali iliyonunua mifugo ya kaskazini na kuiweka karantini hapa kabla ya kuishusha kusini. Familia nyingi za Kisomali za mjini ni vizazi vya askari waliolitumikia jeshi la Waingereza, wakapewa makazi hapa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kambi za jeshi la Kenya zinaleta watoto wa Kakamega na Kitui. Basi katika ploti moja utamkuta mwalimu Mmeru, mama wa Kiborana anayeuza maziwa na kijana wa Kiturkana wa bodaboda, wote wakichota maji kwenye mfereji mmoja. Watu wa namna hiyo hawawezi kufichana harufu ya pilau.

Desemba ikifika, chakula hutembea pande zote. Walimu na askari wanaoshuka likizo huondoka na mbuzi, kwa kuwa mbuzi wa Isiolo ana sifa Kenya nzima na bei yake hapa ni nafuu kuliko ya Nairobi. Wanaopanda kutoka Nairobi huja na katoni za soda, mchele na unga wa ngano. Katika soko la mifugo, wanunuzi wa kusini hujaa, bei hupanda, na mfugaji wa Ngaremara humwuza mbuzi ili sherehe ya mtu wa Nairobi ipate nyama. Pesa hiyo ndiyo itakayomnunulia unga wa chapati za watoto wake. Kuna Krismasi nyingi huku ambazo nyama yake imepanda lori.

Sahani hairudi tupu

Mlango unabishwa. Ni mtoto, mikono miwili imeshika sahani iliyofunikwa kitambaa, na hotuba yake ni fupi: "Mama amesema pokeeni." Chini ya kitambaa mna chapati sita, au pilau, au vipande vya nyama kavu. Mwenye nyumba anamimina chakula kwenye chombo chake, anaosha sahani, halafu anasimama kidogo jikoni akitazama huku na huku. Sahani haiwezi kurudi tupu.

Atapata cha kuweka. Embe mbili, sukari kidogo kwenye karatasi, mandazi ya asubuhi. Asipopata, atamwambia mtoto asalimie nyumbani, na sahani itabaki. Itakaa kabatini hadi Idd, itajazwa mahamri au nyama, na mtoto mwingine, wa nyumba hii sasa, atabisha mlango ule wa kwanza.

Nakiri kwamba nina sahani moja yenye maua ya samawati isiyo yangu. Imekaa kwangu mwaka wa pili. Kila nikiikumbuka sina cha kuweka, na kila nikiwa na cha kuweka sikumbuki. Jirani hajaiulizia wala hataiulizia. Kutoiulizia kwake kunanisumbua kuliko deni la duka.

> Sahani isiyorudi hukaa kabatini kama barua ambayo hujaijibu.

Ubadilishanaji huu una kanuni ambazo hakuna aliyezitunga. Nyumba ya Kikristo inayojua jirani yake ana wasiwasi na sufuria hupeleka nyama mbichi iliyochinjwa na Mzee, au hupeleka vitu vya dukani: soda, biskuti, mchele ambao haujafunguliwa. Nyumba ya Kiislamu, kwa upande wake, haina haja ya kujiuliza sana. Katika machinjio mengi ya Kenya wachinjaji ni Waislamu, hivyo Mkristo wa Nairobi hula nyama halali mwaka mzima bila kujua wala kujali.

Lakini si kila mtu anatulia. Wapo masheikh wanaofundisha kwamba kupokea chakula kilichoandaliwa kwa ajili ya sikukuu ya dini nyingine ni kushiriki sikukuu hiyo, na Mwislamu afadhali ajiepushe. Wengine huwajibu kwa Suratul Maida, aya ya 5, inayozungumzia chakula cha Watu wa Kitabu, na kwa Suratul Mumtahana, aya ya 8, kuhusu kuwatendea wema wasiokupiga vita. Upande wa pili pia kuna Wakristo wanaokataa nyama iliyotajiwa jina la Mungu kwa namna isiyo yao. Wenzao huwafungulia Waraka wa Kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, sura ya 8, ambapo mabishano hayo hayo yaliwasumbua watu kabla hata Isiolo haijakuwa na jina.

Mimi nimewaona watu wakimaliza suala hili bila sheikh wala mchungaji. Mama anayeona haya kupokea sahani huipokea kwa ajili ya watoto. Asiyetaka watoto wake wale hupokea vilevile, akashukuru, na chakula kikaenda kwa mwingine. Mlangoni hakuna anayerudisha mtoto wa mtu na sahani mkononi. Hilo ndilo lingekuwa kosa ambalo mtaa ungelikumbuka.

Uislamu wenyewe umeweka chakula katikati ya sikukuu. Zakatul fitri, pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumba, vibaba vinne, kiasi cha kilo mbili na nusu, hutolewa kabla ya swala ya Idd ili asiwepo wa kuombaomba siku hiyo. Mara nyingi hutolewa kimyakimya, alfajiri, mtoaji na mpokeaji wakijuana. Kanisani nako, kwenye misa za Desemba, waumini hupeleka matoleo ya unga, sukari, mayai, pengine jogoo anayepiga kelele katikati ya wimbo, na jumuiya ndogondogo huvifikisha kwa wagonjwa na wajane wanaowafahamu kwa majina. Mjini hapa, kati ya msikiti wa Jamia na Kanisa Kuu la Mtakatifu Eusebio, hakuna upande unaohitaji kufundishwa kutoa chakula.

Tangu Gaafa Daba

Kwa nini basi katoni yenye unga ule ule huchekewa kwa mdomo tu? Jibu liko mbali kidogo.

Wazee wa Kiborana wa bonde la Waso, mto Ewaso Ng'iro, huuita wakati wa vita vya Shifta, kati ya serikali na waasi wa kaskazini, *Gaafa Daba*, wakati wa kusimamishwa. Vita vilianza 1963, mwaka wa uhuru, vikaisha 1967. Serikali iliwakusanya wafugaji katika vijiji vya lazima, Garbatulla, Merti, Modogashe na kwingineko, ambako hawakuweza kuhama na mifugo yao. Ng'ombe na ngamia wengi walichukuliwa, wakauawa, au wakafa kwa kukosa malisho. Watu waliokuwa na mamia ya mifugo walitoka humo mikono mitupu, wakapanga mstari kungojea posho.

Kutoka hapo mstari haukwisha kabisa. Ukaja ukame wa miaka ya mwanzo ya 1970. Ukaja wa 1984, ambao Wakenya wa rika fulani huukumbuka kwa mahindi ya manjano yaliyoagizwa kutoka nje. Na juzijuzi, kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame huo kuwa janga la kitaifa Septemba 2021. Krismasi ya 2022 iliwakuta wafugaji wengi wa kaunti hii wakihesabu mizoga.

Mtoto aliyezaliwa Garbatulla akiwa na babu aliyelishwa kijijini mwa lazima, mama aliyelishwa 1984, na yeye mwenyewe akalishwa 2022, haoni gunia la unga kama zawadi. Analiona kama mgao. Mgao una orodha, una chifu, una kitambulisho, una mtu aliyeachwa nje na sababu ambayo hakuelezwa. Ukiufunga kwa utepe mwekundu na kuandika "Heri ya Krismasi," bado ni mgao.

Na hawa ni watu wenye utaratibu wao mzuri wa kusaidiana. Waborana wana *buusa gonofa*: mtu aliyepoteza mifugo kwa ukame au kuvamiwa huwaendea watu wa ukoo wake, nao humchangia wanyama wa kuanzia upya. Anayepewa hapokei chakula cha kumaliza Jumatano. Anapokea ndama, na ndama huzaa. Miaka ikipita atakuwa miongoni mwa wanaochangia. Ndiyo sahani ile ile ya Bulapesa, isipokuwa hii ina miguu minne.

Kapu lilivyopanda daraja

Kapu la Krismasi wauzaji wa mjini wanaliita hampa. Ni desturi iliyotoka Uingereza, ambako kikapu kikubwa cha vyakula na vinywaji kilikuwa zawadi ya Krismasi ya wenye nacho, na ambako tarehe 26 Desemba, Boksing Dei, ilipata jina kutokana na masanduku ya zawadi waliyopewa watumishi. Walowezi walikuja nayo. Mpishi na mtunza bustani walipewa sukari, majani chai, pengine blanketi, na mwajiri wa Kenya huru akairithi desturi hiyo pamoja na nyumba. Leo mlinzi hupata pakiti ya unga na kilo ya sukari, na mkurugenzi hupata kapu lenye utepe, juisi, chokoleti na chupa ya divai.

Hiyo divai ni kichekesho cha Isiolo. Kapu lililofungwa Nairobi kwa ajili ya kila mtu hufika huku kwa mtu mmoja, na mtu huyo ni Alhaji. Chupa hutolewa na kupewa mtu wa kambi ya jeshi, biskuti zikaenda kwa wajukuu, na kapu lenyewe likawa la kuwekea vitunguu. Aliyelituma hakujua, na asingejua, kwani hajawahi kufika mlangoni pa huyo mtu.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 ilimruhusu ofisa wa serikali kupokea zawadi ya heshima ya kawaida katika kazi yake, mradi isiwe pesa na isizidi thamani iliyowekwa. Kontrakta anayetaka kulipwa Januari anajua vizuri kwamba kapu si pesa.

Kapu la mwanasiasa linakwenda kinyume: linatoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Mkono mtupu haulambwi, husema wahenga, na katika miaka inayotangulia uchaguzi mikono hujaa. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 imeharamisha kuwahonga wapigakura, lakini ni nani atakayesimama mahakamani kusema kilo mbili za unga tarehe 23 Desemba zilikuwa hongo na si huruma? Mwenyewe atasema alikuwa akiwatakia sikukuu njema. Chakula kimekuwa lugha ya siasa hata ngazi ya juu: Julai 2022, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu, serikali iliamuru pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ishuke kutoka Sh205 hadi Sh100, kwa majuma manne. Uchaguzi ulifanyika tarehe 9 Agosti. Baadaye bei ikapanda tena.

> Kilo mbili za unga tarehe 23 Desemba: nani atathibitisha kwamba si huruma?

Wenye katoni nao wana hoja

Itakuwa dhuluma kuandika kana kwamba sahani inamfikia kila mtu. Haimfikii. Sahani hufuata ujirani, na ujirani una mipaka. Familia iliyohamia jana kutoka Leparua au Burat kwa hofu ya wezi wa mifugo, ikapanga chumba kimoja Kambi Garba, haijulikani na mtu. Bibi kizee anayeishi na wajukuu wanne pembeni mwa mji hana jirani mwenye mbuzi wa kuchinja. Kwa hao, pikapu ikipita, imepita.

Na kwenye njaa ya kweli hakuna anayechambua nia. Desemba ya 2022 mtu aliyepewa katoni huko Merti hakuuliza sura iliyobandikwa juu ni ya nani. Aliuliza kama kuna mafuta. Wanaotoa kwa niaba ya mashirika watakueleza pia kwamba picha si majivuno yao. Aliyetoa pesa, awe Nairobi, Doha au Ujerumani, anataka kuona zilikokwenda. Bila picha, ya mwakani haiji. Ni hoja yenye uzito, nami sina jibu lake kamili, isipokuwa kwamba ukitaka kuthibitisha unga umefika unaweza kupiga picha unga.

Kuna pia suala la ubora, ambalo halizungumzwi kwa sababu ya adabu. Zawadi haikaguliwi mdomoni, lakini unga hukaguliwa. Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilipiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi kwa kuwa na sumukuvu kupita kiwango. Katoni za Desemba mara nyingine hufungwa kwa bidhaa zilizokaa ghalani, tarehe ya mwisho ikiwa imebakiza wiki chache, na mpokeaji asiyesoma maandishi madogo ndiye anayezimaliza. Yeyote anayefunga kapu mwaka huu, atazame tarehe kwanza, kisha utepe.

Wengine wameamua kuachana na chakula chenyewe. M-Pesa ilipoanza 2007, kijana wa Nairobi alipata njia ya kumtumia mama pesa ya kuku bila kubeba kuku. Ni haraka, haina aibu ya foleni, na mama hununua anachotaka. Ila ujumbe wa simu hauna harufu, na hakuna mtoto anayetumwa kuupeleka kwa jirani.

Kapu lenye harufu ya hapa

Kama ni lazima Isiolo iwe na kapu, basi kuna akina mama wanaoweza kulifunga bila kumwita mtu wa Nairobi. Kwanza watatia nyirinyiri. Nyama ya ngamia, ng'ombe au mbuzi hukatwa vipande virefu vyembamba, huanikwa juani hadi ikauke, hukatwa tena vidogo kama punje, hukaangwa kwenye mafuta pamoja na iliki, halafu huhifadhiwa ndani ya mafuta yayo hayo. Chombo kikifungwa vizuri hukaa miezi bila friji. Ilikuwa chakula cha wachungaji, wasafiri na mahujaji, na hadi leo mtu wa kaskazini akienda kumwona mwanawe chuo kikuu huko kusini hubeba kopo lake.

Kisha watatia maziwa ya ngamia, mabichi au yaliyogandishwa, yale yanayoitwa susa. Akina mama wa Isiolo, wakiwamo wa ushirika wa Anolei, huyakusanya maziwa haya kwenye madumu ya plastiki kutoka maboma ya nje ya mji na kuyapakia mabasi ya kwenda Eastleigh, Nairobi, ambako wateja huyasubiri. Yana moshi kidogo, kwa sababu vyombo hufukizwa kwa kuni maalumu ili yasiharibike mapema. Asiyeyazoea atakunja uso. Aliyeyazoea hatakubali soda.

Ongeza samli, ndizi na viazi kutoka upande wa Meru, iliki ya chai. Senti nyingi za kapu hilo zitabaki kati ya soko la mifugo na milima ya Nyambene. Muhimu kuliko yote, mpokeaji atajua kwamba aliyelifunga anamjua: anajua anakula nini, nani alichinja, na nani ndani ya nyumba hawezi kutafuna.

Kuna namna nyingine ambayo haina mtoaji wala mpokeaji, na labda ndiyo ninayoipenda zaidi. Ni chama. Wanawake kumi au ishirini huweka akiba ndogo kila wiki tangu Januari. Desemba mweka hazina na wenzake wawili huenda duka la jumla, hununua magunia ya mchele, mabeli ya unga wa ngano, marobota ya sukari na mitungi ya mafuta, kisha hugawana kwa kupima, mbele ya kila mmoja, kwa kelele nyingi. Katika vyama vilivyochanganyika, mwanachama Mwislamu huchukua fungu lake Desemba kama wenzake na kuliweka, au hukubaliwa apewe lake kabla ya Ramadhani. Ugomvi hutokea, hasa mizani ikishukiwa. Lakini hakuna anayepigwa picha akipokea sukari yake mwenyewe.

Hesabu za mwezi

Kalenda ya Kiislamu hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kawaida, hivyo Krismasi na Idd ul-Fitri hukimbizana na kukutana baada ya miongo. Zilikutana mara ya mwisho mwanzoni mwa karne: Krismasi ya 2000 iliangukia siku za mwisho za Ramadhani, na Idd ul-Fitri ikafuata baada ya siku mbili tatu. Mwaka huo sahani za Bulapesa hazikuweza kwenda mchana. Zilingoja magharibi.

Zinakaribiana tena. Kwa hesabu za wanajimu, Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 26 Desemba 2030, mwezi ukiandama, na mwaka utakaofuata, 2031, Krismasi itaangukia ndani ya mfungo wenyewe. Mbuzi wa mkesha atachinjwa na mtu aliyefunga. Watoto watakaotumwa na sahani itabidi wafundishwe kusubiri adhana, nao ni wale ambao leo wanabebwa mgongoni.

Nina muda wa kutosha kurudisha ile sahani yenye maua. Nimenunua nyirinyiri, kopo la nusu kilo, na nimeliweka karibu na mlango ili nisisahau.